Mama Fundi Aliyevika Mashini Nguo

Nilimwonea wivu mwanamke yule miaka mingi, na ndiyo maana namjua kuliko wale waliompenda. Anayempenda mtu humtazama usoni akaridhika. Mimi nilimtazama mikono, miguu, namna alivyokata uzi kwa jino la pembeni, namna alivyojivika shingoni futi yake ya kupimia kabla hajamuaga mteja. Nilikuwa natafuta kasoro. Nilizipata nyingi, wala hazikunisaidia kitu.

Mji wote wa Kindu, hasa sisi wa mtaa wa Kasuku, tulimwita Mama Fundi. Jina la ubatizo serikali ilikuwa imetunyang'anya sote, na lile la kiasili alilojiandikisha ofisini nadhani hata mwenyewe alikuwa amelisahau. Asubuhi alishona nguo za watu kwenye baraza yake karibu na soko. Mchana alifundisha wanawake kukata na kushona katika ukumbi wa misioni. Mimi nilikuwa karani wa kupiga mashini ya kuandikia katika ofisi ya reli. Reli ndiyo iliyomleta baba yangu kutoka Kasai, nami nilikua nikiamini kwamba sisi ni watu wa kalamu, na wengine ni watu wa jembe na sindano. Nalisema mapema, maana bila hilo hamtaelewa kilichoniuma.

Nilipiga kwa vidole kumi bila kutazama. Barua za mkuu wa stesheni, hotuba za Chama, orodha za mabehewa, zote zilipita mikononi mwangu. Watu walisimama nje ya dirisha kusikiliza tu. Mashini ile nilikuwa nayo peke yangu kwa miaka kumi na mitano, na nilipokwenda kula niliifungia kabatini.

Yeye hakuandika vipimo. Hilo lilinichukiza kabla ya mengine yote. Alikupima mabega, kifua, kiuno, akafumba macho kidogo kila baada ya kipimo, basi, kimeingia. Baada ya mwaka mzima ungerudi, akakutajia vipimo vyako vyote, vidole kwa vidole, bila kukupima. Kila mwaka kabla ya sherehe za Chama nilikwenda kwake kushonewa abakosti, lile koti la kitaifa lisilovaliwa na tai, na kila mwaka alisema mbele ya watu: "Papa Karani, tumbo imeongezeka vidole mbili." Ningemwambia ni chakula cha sikukuu. Yeye angejibu taratibu, "Muntu anadanganya, kiuno haidanganye," na akina mama waliokaa pale wangecheka mpaka khanga zinawatoka mabegani.

Alikuwa mchoyo wa uzi. Vipande vya urefu wa kidole alivihifadhi ndani ya kopo la maziwa, na aliyetupa kimoja aliambiwa akiokote. Lakini kitambaa alikigawa ovyo. Mtoto wa jirani akipita uchi, atakatiwa kaptura kutoka kitambaa cha mteja, na mteja atalalamika mpaka achoke. Alishona sare za wachezaji wa Chama, arobaini kwa wiki moja, tena bila kosa. Ila Jumamosi ya salongo, tulipoitwa sote kufagia mji kwa lazima, yeye alikuwa kitandani na kitambaa kichwani, anaumwa. Halafu Jumatano moja, siku ambayo hakuna aliyeitwa, nilimkuta kazamisha miguu ndani ya mfereji wa soko, anauzibua kwa jembe peke yake. Nilimuuliza kichwa kimepona lini. "Leo," akasema, na kuendelea kuchimba.

Sasa nifike kwenye darasa lake, kwani kila kitu kilitoka pale. Cherehani zilikuwa tatu, wanafunzi thelathini na kitu. Kwa Mama Fundi hakuna aliyekaa mbele ya mashini peke yake. Walikaa watatu watatu: mmoja anashona, wa pili anaongoza kitambaa, wa tatu kazi yake ni kuangalia kosa na kulitaja. Wengine waliokuwa wakingoja hawakukaa bure. Kila kundi lilipewa kitambaa cha kukunja pindo kwa mkono, na muda wa kukunja upande mmoja ndio ulikuwa zamu. Pindo likifika pembeni, walioketi wanainuka, waliongoja wanaketi. Hakukuwa na saa wala kelele. Ukishona pindo haraka na vibaya ili uwahi zamu, atalifumua lote, uanze upya. Nilimwona mke wa mwanajeshi, mwanamke aliyeogopwa na mtaa mzima, akifumuliwa pindo mara tatu, na mara tatu akatunga uzi upya.

Nilipita pale mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Nilijiambia napita njia.

Ndipo zikaja kompyuta. Oridinateri, kama tulivyoziita. Marafiki wa misioni huko ng'ambo walituma tatu, zikafika kwa garimoshi ndani ya makasha ya mbao, na mimi ndiye niliyepiga karatasi ya kuzipokea. Padri alitangaza kanisani kwamba litaanzishwa darasa la watu wote, mkatoliki na asiye mkatoliki, mwanamke na mwanaume. Ilibaki kumtafuta mwenye kulisimamia na kushika ufunguo wa chumba.

Nani mwingine? Juma lile sikulala vizuri kwa furaha. Nilichora mpango: mtu mmoja kwa mashini moja, mtihani kila mwezi, cheti chenye mhuri. Nilimwambia mke wangu aanze kuzoea kuniita mkurugenzi, akanicheka, lakini aliipiga pasi abakosti yangu.

Padri alituita wawili, mimi na Mama Fundi. Alisoma mpango wangu, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Ufunguo ataushika Mama," alisema. "Wewe Karani utamsomea kitabu, kimeandikwa Kifaransa."

Nilimuuliza, kwa heshima yote, kama anajua kwamba Mama hajawahi kugusa hata mashini ya kuandikia.

"Najua. Na wewe, mashini yako ya ofisini, miaka yote hii, ni nani mwingine amewahi kuigusa?"

Mama Fundi aliangalia pembeni, kama mtu anayesitiri uchi wa mwenzake, na hiyo huruma yake ndiyo iliyoniwasha kuliko maneno ya Padri. Akaufunga ufunguo kwenye futi yake ya kupimia, ukaning'inia kifuani.

Kazi ya kuzipanga mashini ilichukua siku nne. Mimi nilitaka meza ziegemee ukutani, kama ofisini. Yeye alizivuta katikati ya chumba, watu wapate kuzunguka. Nilimwambia nyaya zitapita chini na watu watajikwaa. Alifikiri kidogo, akashona mfuko mrefu wa kaki, mwembamba kama mkono wa shati, akapitisha nyaya zote ndani yake, kutoka kwenye meza hadi dirishani ambako umeme wa gurupu, jenereta ya misioni, uliingilia. Hakuna aliyejikwaa hata siku moja. Nilikwenda kuukagua ule mfuko nikitamani niukute umefumuka.

Aliweka watu watatu kwa kila mashini. Mmoja anabonyeza, wa pili anamsomea maneno, wa tatu anatazama kioo na kutaja kosa. Waliobaki, pindo. Wote, hata wanaume. Alikuwepo mchimba dhahabu kutoka machimbo ya Kama, mikono kama magome, alikuwa amekuja mjini kutibiwa mguu. Alikunja pindo la kwanza la maisha yake huku jasho linamtoka, na kijana wa posta alipomcheka, Mama Fundi alimpa kijana naye sindano. Wiki ya pili, mchimba dhahabu aliandika jina lake kwenye kioo. Alikaa akilitazama. Wenzake wakamwachia zamu nyingine bila kuambiwa.

Mimi nilikaa pembeni na kitabu changu, msomaji. Nilisoma Kifaransa kimoyomoyo, nikatoa Kiswahili kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, naye alifumba macho kama anavyofanya akipokea kipimo. Hakusahau neno. Nikikosea siku ya pili, aliniambia, "Papa Karani, jana ulisema mkono wa kuume." Kijiba kilinikaa rohoni kama mfupa wa samaki. Kitu nilichosoma mimi, kikitoka kinywani mwake, watu walikiandika.

Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi, vumbi linaingia hata penye kioo. Mijusi nayo ilipenda joto la zile mashini. Siku moja nilimkuta anazipima. Ndiyo, kwa futi: mabega, mgongo, upana wa uso.

"Hizi zitavaa," alisema.

Mtu wa ofisi angetandika shuka juu ya mashini jioni na kuiondoa asubuhi. Lakini Mama Fundi hakuwahi kumshonea mtu nguo ya kuvaa akiwa amelala tu. Nguo kwake ni ya kufanyia kazi. Basi alizikatia nguo za kuvaliwa mchana kutwa: dirisha la kioo mbele, tundu la kila waya, bitana ndani, zikabana barabara. Mapindo ya zamu ndiyo yaliyokuwa mapindo ya nguo hizo, kila mwanafunzi alishona upande wake. Zilikuwa za kitenge cha bluu chenye samaki wadogo. Zilipendeza, siwezi kukataa.

Siku ya kuzivisha ilikuwa siku ya kusoma ukurasa wa tisa. Ulikuwa na mistari mitano. Nikasoma wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho yangu yakatangulia kwenye wa nne: usizibe kamwe matundu ya juu na ya nyuma mashini inapofanya kazi, kwa maana joto hutokea hapo.

Wakati huohuo Padri aliingia na wageni wawili kutoka ofisi ya jimbo. Akaziona mashini zimevaa, watu watatu watatu, wengine na sindano. Akacheka kwa furaha. "Mama," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kindu, njo badala ya ndiye, "wewe njo umesimamisha hii darasa." Watu wakapiga makofi. Mchimba dhahabu alisimama kabisa. Hakuna aliyegeuka kunitazama mimi na kitabu.

Niliutazama ule mstari. Niliuelewa vizuri sana. Nikafungua ukurasa wa kumi.

"Njo yote ya ile ukurasa?" aliuliza Mama Fundi.

"Njo yote, Mama."

Akafumba macho, akapokea.

Mashini ya kwanza ilikufa baada ya wiki tatu, saa tisa mchana, darasa limejaa. Harufu ya mpira ulioungua, kisha moshi ukapita kati ya samaki wa kitenge. Watu walisema ni gurupu. Nami nikasema, labda gurupu. Ya pili ilikufa siku nane baadaye. Hapo maneno yakageuka: fundi wa nguo atajua nini mashini za akili, Padri amekosea, kumbe Karani yupo. Niliyasikia sokoni, nikanunua mihogo yangu, nikaenda zangu. Nyumbani sikuila.

Padri alimtaka arudishe ufunguo. Mama Fundi aliufungua kwenye futi yake mbele ya wote, akanipa mkononi. Hakusema neno la kujitetea. Kisha aliiendea mashini ya tatu, akaivua nguo kwa mikono yake, akaikunja mara nne, akaondoka nayo. Niliingiwa na hofu kidogo. Nikajiambia mchoyo wa uzi yule, anachukua kitambaa chake.

Bon, haya, nikawa mkurugenzi. Nilifuta pindo, nikaleta saa yangu ya mkononi: dakika kumi kwa mtu, peke yake, kwa orodha. Wiki ya kwanza mke wa mwanajeshi aligombana na kijana wa posta kuhusu dakika mbili. Waliokuwa wakingoja walikaa bure, na mtu aliyekaa bure hupata mengi ya kusema. Wale watatu waliokuwa wakisaidiana sasa kila mmoja alificha alichojua. Mchimba dhahabu alirudi Kama bila kuaga. Kabla ya Krismasi tulibaki wanne, halafu wawili, halafu mimi. Nilikaa mchana mbele ya mashini ile ya mwisho, mlango wazi, nikipiga kwa vidole kumi bila kutazama. Hakuna aliyesimama dirishani. Mafuta ya gurupu yalipokosekana, nilifunga chumba nikaurudisha ufunguo.

Miaka ile yote niliendelea kumwonea wivu, hilo nalo niliseme. Nilikuwa nimemwangusha, na bado nilipopita sokoni nikaona wanawake thelathini wanacheka na cherehani zake tatu, moyo uliniwaka kama zamani. Abakosti nikashonesha kwa fundi mwingine. Zilinibana kwapani.

Ukaja mwaka ule serikali iliporuhusu tena tai ilizokuwa imezipiga marufuku. Kindu nzima ilitafuta tai. Wanaume walipeleka abakosti zao kwa mafundi zikatwe kola upya, na fundi wangu, mlevi, alikuwa ameharibu mbili. Mkuu wa stesheni alituagiza tufike na tai siku ya Jumatatu. Ijumaa nilikwenda kwa Mama Fundi.

Alikuwa barazani palepale. Alikuwa amezeeka, miwani yake imefungwa mguu mmoja kwa uzi. Aliliangalia koti, akalipapasa kwapa, akajua halikutoka kwake. Hakunipima.

"Tumbo imepungua vidole tatu," alisema. "Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni uzee."

"Ikala. Hii kola haiombi siku mbili."

Nilikaa. Alifumua kola kwa wembe, taratibu, nyuzi zote zikaenda ndani ya kopo. Kisha, bila kuinua kichwa, alinyoosha mkono kwenye sanduku la vielelezo vyake vya karatasi, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitenge cha bluu chenye samaki. Kilikuwa kile kitabu nilichokiacha chumbani nilipofunga darasa.

"Unisomee kidogo nikishona. Masikio yangu ingali muzima."

Sikuwa na pa kukimbilia, koti langu lilikuwa mapajani mwake. Nilianza ukurasa wa kwanza. Midomo yake ilitembea pamoja na yangu, Kiswahili kilekile nilichokitoa miaka ile, neno kwa neno, wakati mwingine yeye mbele. Ukurasa wa tano. Wa nane. Kwenye wa tisa nilisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, naye akanyamaza akishika sindano hewani. Nikausoma wa nne.

"Ile siku ule mustari haukukuwa," alisema.

"Haukukuwa, Mama."

"Sista wa misioni alinisomea, mashini ya pili ilipokufa. Mbele, kabla Padri hajaomba ufunguo."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Angesema angebaki na darasa lake.

Alichoma sindano kwenye kola. "Nilifikiri Kifaransa ilikushinda pale. Karani ya reli, Kifaransa inamushinda. Wangekufukuza kazi, Papa Karani. Watoto sita. Nikasema, acha waseme mi njo mujinga, mi ni fundi wa nguo, haitanipunguza kitu. Nimekuonea huruma miaka yote."

Nilikuwa na njia ya kutokea, tena pana. Ilitosha kuinamisha kichwa: ndiyo, Mama, kilinishinda, asante. Ningevaa koti langu nikaenda zangu, mjinga aliyesamehewa. Sijui mpaka leo kama nilichosema nilikisema kwa toba au ni kwa sababu sikuvumilia hata yeye, hata barazani pale, adhani kuna mstari wa Kifaransa ulionishinda.

"Kifaransa hakikunishinda, Mama."

Alinitazama juu ya miwani, kama anavyotazama nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, akitafuta ilipokosewa. Nilidhani atanitupia koti lile kutoka mapajani mwake, nikasubiri. Aliukata uzi kwa jino la pembeni, akauweka ule mwisho ndani ya kopo, akatunga uzi mpya mwenyewe, mara mbili akikosa tundu.

"Siku ile uliruka mistari mbili," alisema. "Soma wa tano."

Akafumba macho. Nikausoma.